UZI: Roboti za kukodi kwa ada ya mwezi. Kabla hujasaini, jiulize hasara ni ya nani roboti ikisimama

Mzani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Maswali ya roboti za kukodi yamekuwa mengi humu: za kubeba mizigo ghalani, za kusugua sakafu, za ulinzi, mikono ya roboti ya kupanga maboksi kwenye paleti (majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo). Karibu kila jibu linaishia kwenye ada ya mwezi. Naona tunaanzia pasipo. Swali la kwanza liwe hili: siku roboti ikisimama, hasara ni ya nani? Kama mkataba unasema ni ya mteja na ada inaendelea kama kawaida, hapo hakuna huduma iliyokodishwa. Huo ni mkopo wa mashine, riba yake imefichwa ndani ya ada, na mwisho wa mkataba mashine inarudi kwa mwenyewe.

Nieleze kwanza biashara hii imetokea wapi. Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 kwenye kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, ikitoa vipande vya chuma vya moto kwenye mashine ya kumimina. Kwa miongo iliyofuata roboti ilikuwa kitu cha kununua, na mnunuzi mkuu alikuwa kiwanda cha magari. Mwaka 2023 peke yake zilifungwa roboti za viwandani zaidi ya 540,000 duniani, na zilizokuwa kazini zilipita milioni 4. Mwenye kiwanda kidogo alibaki nje, na kilichomzuia si bei ya mkono wenyewe tu. Mkono unahitaji kishikio, uzio, vihisi, na mhandisi wa kuuoanisha na mashine zilizopo. Gharama hizo mara nyingi zinazidi bei ya mkono. Bidhaa ikibadilika umbo, unamlipa mhandisi tena.

Kukodi kunamtoa mteja kwenye mzigo huo. Formic ya Chicago inawafungia wenye viwanda roboti na kuwatoza kwa saa. Locus Robotics inakodisha roboti za ghalani, na msimu wa mauzo makubwa mteja anaongeza idadi, ukipita anazirudisha. Hata roboti zenye umbo la mtu zimeingia kwa mlango huu: Juni 2024 kampuni ya GXO ilitangaza mkataba wa miaka kadhaa wa kukodi Digit za Agility Robotics, zihamishe makreti kwenye ghala la Georgia, Marekani.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1962 Bristol Siddeley, watengenezaji wa injini za ndege wa Uingereza, iliwaambia wenye ndege zenye injini za Viper: lipeni kiasi maalumu kwa kila saa ya kuruka, matengenezo tuachieni sisi. Tazama hesabu hiyo ilivyokaa. Injini ikilala chini, mtengenezaji anapoteza mapato, kwa hiyo kila fundi wake ana sababu ya kuhakikisha haiharibiki. Maslahi ya pande mbili yanaelekea upande mmoja. Huo ndio mkataba ninaoutetea.

Sasa tazama mwingine. Kampuni ya SoftBank ilipoanza kuuza Pepper, roboti ya kuongea na watu, kwa watu wa kawaida Japani mwaka 2015, bei iliyotangazwa ilikuwa yen 198,000. Lakini kulikuwa na mpango wa msingi wa yen 14,800 kwa mwezi na bima ya yen 9,800 kwa mwezi, kwa miezi 36. Jumlisha: yen 1,083,600. Bei ya mashine haikufika hata sehemu moja kwa tano ya fedha yote. Wenye biashara walikodishiwa kwa yen 55,000 kwa mwezi, miaka mitatu, karibu yen milioni 2. Na ada hiyo iliendelea hata kama hakuna mteja hata mmoja aliyesimama kuongea na roboti siku nzima.

Mikataba hii miwili yote inaitwa ya kulipa kidogo kidogo. Kwenye wa kwanza unalipia kazi. Kwenye wa pili unalipia uwepo wa mashine. Naomba tusiichanganye, na wenye uzoefu waongezee nyama.

---

Spana14

Mkuu Mzani, umegusa penyewe. Mimi ni fundi wa mitambo, nimefunga roboti kwa wateja wa aina nyingi, na ugomvi mkubwa hauko kwenye ada. Uko kwenye maana ya neno "imesimama".

Mkataba utaandika kwamba roboti itakuwa kazini asilimia 98 ya muda. Inapendeza. Kwanza piga hesabu: mwezi wa siku 30 una saa 720, asilimia 2 yake ni saa 14 na dakika 24. Saa hizo zikiangukia usiku ghala limefungwa, hakuna aliyeumia. Zikiangukia siku mbili za kupakia malori, umeharibikiwa mwezi mzima, na kwa mujibu wa mkataba mtoa huduma hana kosa lolote. Kwa hiyo asilimia ihesabiwe kwenye saa zako za kazi, siyo kwenye saa za kalenda.

Pili, uliza inapimwa nini. Watoa huduma wengi wanahesabu roboti iliyowashwa na isiyoonyesha hitilafu. Lakini roboti inaweza kuwa imewaka, taa ya kijani, na imeganda mbele ya paleti iliyovunjika ikisubiri mtu aisogeze. Kwa mfumo wao hiyo iko kazini. Kwako haijabeba kitu. Idaini kampuni takwimu ya mara ngapi kwa zamu binadamu ameingilia kati ili roboti iendelee. Namba hiyo inakwambia ukweli kuliko asilimia yoyote.

Tatu, ukarabati. "Tutajibu ndani ya saa nne" maana yake watapokea simu ndani ya saa nne. Andikeni muda wa roboti kurudi kazini, na kama hawawezi kuuahidi, waache roboti ya akiba kwenye eneo lako. Kwa roboti za magurudumu hilo linawezekana kabisa, unatoa moja unaingiza nyingine. Kwa mkono uliofungwa sakafuni na kishikio cha maboksi yako, ni ngumu zaidi, kwa hiyo hapo ndipo fidia iwe kubwa.

Na kwa upande wa mteja: sakafu yenye mabonde, waifai yenye sehemu zisizoshika, maboksi yaliyolowa na kupinda. Roboti nyingi zinalaumiwa kwa dhambi za jengo. Kagueni pamoja kabla ya kufunga, mpige picha, kila upande usaini.

---

Mhasibu Mtulivu

Nichangie upande wa vitabu maana wauzaji wanapenda sana kusema "hii ni gharama ya uendeshaji, haigusi mizania yako," yaani taarifa ya mali na madeni yako. Si lazima iwe hivyo.

Kwa wanaofuata IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa ukodishaji iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, kinachoangaliwa ni uhalisia wa mkataba, jina lake halina uzito. Kama kuna mali inayotambulika, yaani roboti hizo hizo, manufaa yake yote makubwa unayapata wewe, na wewe ndiye unayeamua zifanye nini na lini, huo ni ukodishaji. Haki ya kuzitumia inaingia kwenye mizania kama mali, na malipo yaliyobaki yanaingia kama deni. Misamaha ipo kwa mikataba isiyozidi miezi 12 na kwa mali za thamani ndogo. Lakini kama mtoa huduma ana uwezo wa kweli wa kubadilisha roboti muda wote wa mkataba, na kubadilisha huko kuna faida kwake, inaweza kuhesabika kuwa huduma.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu benki iliyokukopesha inaweza kuwa na masharti ya kiwango cha deni. Unasaini mkataba wa miaka mitano ukidhani ni ada tu, mwisho wa mwaka mkaguzi anaingiza deni lote kwenye mizania na umevunja masharti ya mkopo. Muulize mkaguzi wako kabla.

Nimeona pia jinsi hoja ya Mzani inavyolingana na hesabu. Malipo yanayotegemea kazi halisi, kwa kila paleti kwa mfano, kwa kawaida hayaingizwi kwenye deni hilo, kwa sababu hayajulikani mpaka kazi ifanyike. Ada isiyobadilika ndiyo inayoingia. Vitabu vyenyewe vinatofautisha kazi na uwepo.

---

Bi Shifti

Asanteni kwa elimu. Mimi nasimamia zamu ghalani na naomba niwasemee watu wanaofanya kazi kando ya hizo roboti, maana kwenye hesabu zenu hawajatokea.

Roboti ya kubeba inapunguza kutembea, na wauzaji wanalitaja hilo kama zawadi kwa mfanyakazi. Ni kweli kwa miguu. Lakini kule kutembea kati ya rafu na rafu ndiko mtu alikokuwa anapumua, ananyoosha mgongo. Roboti zikianza kumjia moja baada ya nyingine, anabaki amesimama sehemu moja akiinama na kuinuka, na kasi haipangwi tena na yeye. Miguu inapona, mabega yanaumia. Kama ada inalipwa kwa kila kipande, kampuni ya roboti na mwajiri wote wana hamu ya kasi kupanda, na hakuna aliyebaki upande wa mwili wa mtu. Kwa hiyo kaka Mzani, mkataba unaousifia una upande wake mbaya. Kasi ya juu kabisa iandikwe, na mapumziko yaandikwe, kabla roboti haijaingia mlangoni.

Jambo la pili ni kazi isiyolipwa. Yule anayeinusuru roboti kila inapoganda, kama alivyosema Spana14, ni mfanyakazi wangu. Hayumo kwenye ada wala kwenye maelezo ya kazi yake, na lengo lake la siku halipungui. Huyo ni sehemu ya mashine. Alipwe kama sehemu ya mashine, na apewe mafunzo.

La tatu ni usalama. Kwa mashine zinazojiendesha ghalani kuna kiwango cha kimataifa cha ISO 3691-4, kilichotoka 2020 na kupitiwa upya 2023, na kwa mikono inayofanya kazi bila uzio ulitoka mwongozo wa ISO/TS 15066 mwaka 2016, ambao sasa umeingizwa kwenye ISO 10218-2 ya 2025. Kuletewa cheti cha roboti hakutoshi. Mkono ulio salama ukifungiwa kishikio chenye ncha kali si salama tena. Tathmini ya hatari inafanywa kwa kazi nzima, pale pale ilipo, na mkataba useme nani anaifanya upya mpangilio ukibadilika.

---

Mzani

Bi Shifti, umenifungua macho kwenye kasi. Nakubali kikomo kiandikwe, na naongeza: kikomo hicho kikiwa kwenye mkataba, mtoa huduma hawezi kukulaumu kwamba "watu wako wamechelewesha roboti."

Kuhusu mtu anayeisindikiza mashine, mfano uko New York. Septemba 2023 polisi wa jiji walianza kujaribu roboti ya ulinzi K5 ya Knightscope kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi cha Times Square, kwa takriban dola 9 kwa saa, chini ya mshahara wa mtu yeyote. Lakini ilikuwa inasindikizwa na askari, na ngazi haipandi. Mapema 2024 ikaondolewa. Gharama halisi ya saa ilikuwa dola 9 pamoja na mshahara wa askari. Ninachokiheshimu kwenye habari hiyo ni kwamba iliwezekana kuirudisha. Wangekuwa wameinunua, ingekuwa imekaa stoo mpaka leo.

---

Mkodishaji

Naomba na upande wetu usikike. Niko kwenye kampuni inayokodisha, na mnatuandika kama watu wa kutega.

Roboti tunazinunua leo kwa fedha taslimu, fedha nyingi ni za mkopo, na fedha hizo tunazirudisha kwa miaka. Riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022, mwaka uliofuata ikapita asilimia 5. Kampuni zilizokuwa zimeweka ada ya kudumu zilibanwa vibaya. Mteja anapodai aondoke muda wowote, anatuomba tubebe mashine, riba, na soko lake pia. Mzigo wake ukipungua kwa sababu kapoteza wateja, hilo si kosa la roboti.

Halafu kuna vitu havihamishiki. Roboti ya magurudumu nikiitoa kwako naipeleka kwa mwingine wiki hiyo hiyo. Kishikio nilichokitengeneza kwa chupa zako hakina kazi kwingine. Ndiyo maana muda wa chini wa mkataba upo. Kama mteja anataka muda mfupi, basi alipe kufunga na kishikio mara moja mwanzoni, mimi nibebe roboti na matengenezo. Hapo hata mwaka mmoja naukubali. Na kiwango cha chini cha malipo kwa mwezi si dhuluma. Xerox walipotoa mashine yao ya nakala ya 914 mwaka 1959 walikodisha kwa dola 95 kwa mwezi, nakala 2,000 za kwanza zikiwa ndani, zinazozidi zikilipiwa kwa senti. Mashine ikaenea maofisini kwa sababu pande zote mbili ziliweza kulala usingizi.

---

Mzani

Mkodishaji, hoja yako ni ya haki na napokea mgawanyo huo: anayeleta roboti abebe hatari ya roboti, mwenye biashara abebe hatari ya biashara yake. Kiwango cha chini sawa, mradi kishuke kwa saa zile ambazo roboti ilishindwa.

Lakini kuna hatari kubwa kuliko ada ambayo hujaigusa, nayo ni utegemezi. Mwaka 2012 Amazon iliinunua Kiva Systems kwa dola milioni 775, na roboti za Kiva zikaacha kupatikana kwa maghala mengine. Quiet Logistics, iliyokuwa imejenga kazi yake juu ya roboti hizo, ikalazimika kuunda zake, na ndiko Locus ilikotokea. Ni hadithi nzuri kwa sababu Quiet waliweza. Mwenye ghala la kawaida hawezi kuunda roboti.

Nyuma zaidi kuna United Shoe Machinery ya Marekani. Mashine zake muhimu za kushonea viatu haikuziuza, ilizikodisha tu, kwa mikataba ya miaka kumi, na matengenezo yakiwa ndani ya ada. Kila mwenye kiwanda alifurahia matengenezo hayo. Mwaka 1953 mahakama ilipopitia jambo hilo iliona kwamba matengenezo yaliyofungwa ndani ya kodi yalizuia mafundi wa kujitegemea kujitokeza. Kampuni iliamriwa iuze pia mashine zake, na kodi isizidi miaka mitano. IBM nayo, mwaka 1956, ilikubali kuuza mashine ilizokuwa inakodisha tu.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tukikodi kila kitu pamoja na fundi, baada ya miaka kumi hatutakuwa na akina Spana14. Kila roboti ikiganda tutasubiri mtu wa kampuni, na mwenye roboti atapanga bei anavyotaka.

---

Spana14

Mzani, hilo nimelishuhudia. Kuna roboti siruhusiwi hata kufungua kifuniko cha betri, programu inajifunga mpaka msimbo utoke kwa mtengenezaji. Dai kwenye mkataba watu wako wafundishwe matengenezo ya ngazi ya kwanza: vihisi, magurudumu, betri, kuwasha upya. Kampuni nzuri inakubali, inawapunguzia safari.

Na data. Roboti inachora ramani ya ghala lako, inajua bidhaa ipi inatoka sana, na nyingine zina mtu mbali anayeangalia kamera zake ili azisaidie zikikwama. Umoja wa Ulaya una sheria ya data iliyoanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025, inayompa mtumiaji wa kifaa kilichounganishwa na mtandao haki ya kupata data inayozalishwa, hata kama amekikodi. Uliye nje ya sheria hiyo, iandike mwenyewe kwenye mkataba.

---

Mama Paketi

Shikamoo wakubwa. Nimesoma uzi wote. Nina kiwanda kidogo cha kufungasha, nimepewa ofa mbili za mkono wa kupanga maboksi kwenye paleti. Moja ni miaka mitatu, ada ndogo, isiyobadilika. Nyingine ni mwaka mmoja, inalipwa kwa paleti pamoja na kiwango cha chini, na kufunga nalipia mwenyewe mwanzoni. Nikijumlisha mwaka wa kwanza, ya pili ni ghali zaidi. Boksi langu kubwa nitalibadilisha mwakani. Nichukue ipi?

---

Mzani

Marahaba mama. Boksi linabadilika mwakani, hiyo peke yake inanielekeza kwenye ofa ya pili. Kwenye ya kwanza, soma nani analipa kishikio kipya na programu mpya. Kama ni wewe, ile ada ndogo si ndogo tena, na utakuwa umebakiza miaka miwili usiyoweza kutoka.

Kabla ya kusaini ya pili, wapelekee maboksi yako halisi, ya sasa na ya mwakani kama sampuli zipo, yakiwemo yaliyopinda, na uone mkono ukiyapanga kwa zamu nzima. Usikubali video. Hesabu mara ngapi mtu ameingilia. Kisha weka kiwango cha chini cha malipo kulingana na mwezi wako mbovu kabisa wa mwaka uliopita, usitumie wastani. Paleti iliyoanguka au kupangwa upya na binadamu isihesabiwe.

Na kifungu cha kuongeza muda: mikataba mingi inajirefusha yenyewe usipotoa taarifa miezi kadhaa kabla. Dai bei ya mwaka wa pili iandikwe leo, pamoja na bei ya kuununua mkono huo ukiamua kubaki nao, na kama kampuni ikiuzwa au ikifilisika, programu iendelee kufanya kazi bila seva zao kwa muda wa kutosha kukupatia mbadala. Wakisema haiwezekani kiufundi, waulize ni sehemu gani ya kazi inayohitaji seva, halafu lete jibu lao hapa, Spana14 atalisoma.

---

Spana14

Lilete mama. Lete na vipimo vya maboksi na uzito wake, nitakwambia kishikio cha kunyonya hewa kinafaa au la.